Watano kwa Wawili

Siku ya kumi na tisa ya mkutano wa katiba, Kamati ya Viti ilimwita Mtakwimu Mkuu aje na makaratasi yake. Kamati hiyo ilipewa kazi moja tu, kugawa viti mia vya bunge la shirikisho baina ya majimbo saba, na kwa siku kumi na nane haikuwa imegawa kitu isipokuwa chai.

Mtakwimu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mwembamba, msemaji mchache. Alikuwa ameihesabu nchi nzima, nyumba kwa nyumba, mwaka uliotangulia, na tangu hapo hakuna mkubwa aliyemuuliza amepata nini. Sasa walimtaka haraka. Alipofika aliwakuta katika chumba cha kulia cha hoteli ya zamani karibu na kituo cha reli. Pangaboi lilizunguka kwa kusitasita. Ukutani palikuwa na alama nyeupe ya mraba pale ilipotundikwa picha ya mtawala aliyeondoka, na chini yake msumari mpya uliokuwa ukingoja wakubaliane itundikwe picha ya nani.

Mwenyekiti aliitwa Mzee Maridhiano, na wengi, pamoja na mkewe, hawakumbuki tena kama ana jina jingine. Hakumaliza sentensi tatu bila kulitaja neno hilo. Kuliani kwake alikaa Bwana Miwa, kiongozi wa wajumbe wa majimbo matatu ya mashamba, mtu mnene wa sauti ya upole, mwenye shamba la miwa ambalo treni hulipita kwa dakika ishirini. Kushotoni alikaa Wakili, msemaji wa majimbo manne ya bandari, aliyeongea siku zote kama mtu anayejua kuwa anarekodiwa.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja. Majimbo ya miwa yalikuwa na raia wachache na vibarua wengi. Mababu wa vibarua hao waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, na mkataba ule ulirithiwa kama kilema. Wajukuu bado hawakuwa raia, hawakupiga kura, hawakumiliki hata mlango wa chumba walicholala. Je, wakati wa kugawa viti, watu hao wahesabiwe au wasihesabiwe?

"Hawa ni binadamu," Bwana Miwa alikuwa akisema Mtakwimu alipokuwa akivuta kiti. "Wanakula, wanalala, wanazaa. Mungu aliyeniumba mimi ndiye aliyewaumba wao. Nawezaje kusimama mbele ya watu nikasema hawapo?"

"Kama ni binadamu, wape kura," alisema Wakili.

"Kura ni jambo jingine."

"Basi usiwahesabu. La sivyo nami nitaleta winchi za bandarini nizihesabu, maana nazo zinafanya kazi."

Mtakwimu aliinamisha macho. Alizaliwa katika kambi ya vibarua ya shamba la Bwana Miwa, chumba cha mwisho upande wa kiwandani, na katika miaka yote aliyoishi pale hakumsikia mtu wa nyumba kubwa akiwaita binadamu. Kumbe walikuwa binadamu muda wote, ila habari zilichelewa kufika mpaka vilipoanza kugawanywa viti. Na huyu wa bandarini, aliyewahi kuandika kitabu kizima juu ya haki zao, leo anawalinganisha na winchi.

"Binti yetu amefika," alisema Bwana Miwa, akimtazama kwa tabasamu. "Huyu tulimsomesha sisi, shamba letu. Atatupa ukweli."

Ni kweli walimsomesha. Kila mwaka shamba lilipeleka mtoto mmoja wa kambi shuleni, likampiga picha na sare mpya, likaitundika picha ofisini. Alipomaliza chuo serikali ilimwandikisha uraia. Mama yake alibaki kule kule.

"Bila vibarua, majimbo ya miwa yanapata viti thelathini na nane katika mia," alisema Mtakwimu. "Wakihesabiwa wote, yanapata hamsini na viwili."

Wakili alitikisa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa dawa.

"Hamsini na viwili ni nusu na zaidi," alisema. "Yaani watu wasiopiga kura watampa bwana huyu bunge zima."

Hapo Mtakwimu akafanya jambo alilolipanga kwa juma zima. Alitoa karatasi mbili mkobani akaziweka mezani, moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilitoka hazina: tamko la Bwana Miwa kwa ajili ya kodi ya vichwa, ambayo kila mwenye shamba huilipa kwa idadi ya vibarua wake. Ilisema ana vibarua elfu moja na mia mbili. Ya pili Bwana Miwa aliileta mkutanoni majuma mawili nyuma, ilipokuja habari ya viti. Shamba lile lile, saini ile ile, vibarua elfu tatu.

"Mimi niliwahesabu mwenyewe," alisema. "Ni elfu mbili, mia moja na kumi na wanne. Karatasi zote mbili ni za uongo, na mashamba mengine yamefanya vivyo hivyo. Wazee wangu, mtu anayepunguza watu akidaiwa kodi na kuwaongeza akitaka viti, hawezi kuaminiwa katika lolote linalowahusu watu hao."

Alitarajia aibu. Hata kama si aibu kubwa, angalau kikohozi. Bwana Miwa alivuta karatasi zile akazitazama kwa utulivu, kama mtu anayetazama picha za harusi yake. Wakili aliinama naye akasoma. Mzee Maridhiano alivaa miwani.

"Elfu moja na mia mbili," alisema taratibu. "Kwa elfu tatu. Dada, hiyo ni sehemu gani?"

"Mbili kwa tano," alijibu Mtakwimu. Alijibu kabla hajafikiri, kama mwanafunzi anavyojibu anapoulizwa kitu anachokijua, na maisha yake yote angetamani kinywa chake kingechelewa dakika moja tu.

"Mbili kwa tano," alirudia mzee, na uso wake ukang'aa. "Kila vibarua watano wahesabiwe kuwa watu wawili. Hapa ndipo nilipokuwa napatafuta."

"Mzee, hiyo si hesabu ya watu. Huo ni uongo mmoja uliogawanywa kwa uongo mwingine."

"Ndiyo uzuri wake. Kila upande umetia chake. Hayo ndiyo maridhiano." Akamgeukia. "Kwa mbili kwa tano, viti vinakuwa vingapi?"

Mzee alingoja huku akimtazama kwa wema. Mwishowe Mtakwimu alikokotoa pembeni mwa karatasi, kwa sababu kama asingekokotoa yeye wangekokotoa wao na kukosea.

"Arobaini na vinne."

"Arobaini na vinne naweza kuvimeza," alisema Wakili, "lakini si vikavu." Akaeleza alichotaka kushushia: mji mkuu wa shirikisho ubaki kwenye jimbo lake, na ushuru wa bandari usiguswe kwa miaka ishirini. Bwana Miwa akasema mji mkuu hana haja nao, una mbu. Ushuru wakavutana mpaka saa sita mchana, wakaishia miaka kumi na minne.

"Na heshima ya binadamu?" Mtakwimu aliuliza. "Si ndiyo uliyoipigania siku zote?"

Wakili alifuta miwani yake kwa ncha ya tai. "Hatuiachi, dada. Tutaiweka kwenye utangulizi."

Wakapeana mikono. Baada ya chakula karani wa kamati alileta rasimu. Neno "kibarua" halikuwemo, maana Mzee Maridhiano alisema lingewakera watoto wa baadaye. Ibara ilisema viti vitagawanywa kwa idadi ya raia "pamoja na sehemu mbili kwa tano za watu wengine". Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu wa saini: *Hesabu hii imethibitishwa na Mtakwimu Mkuu.* Bwana Miwa alimsogezea kalamu.

Mtakwimu akaomba apewe mpaka Jumatatu.

Jumapili alikwenda kambini. Mama yake alikuwa na miaka sitini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikata miwa, kisha mgongo ulipogoma wakampa ufagio wa kufagia mizani ya kiwanda. Mara tatu binti alimwomba ahamie mjini, na mara tatu mama alimuuliza mjini atamfagilia nani. Ukweli ni kwamba alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha kambi. Daftari la wanachama lilikaa chini ya mto wake, lina jina la kila mtu na namba ya chumba chake, na hakuna aliyezaliwa, aliyehamia wala aliyekufa bila yeye kujua.

Majivu ya miwa iliyochomwa yalikuwa yakidondoka juu ya nguo zilizoanikwa. Jirani wa ukuta mmoja, Mama Pacha, mwanamke kijana aliyekuja na mumewe miaka miwili nyuma, alimletea mgeni kigoda akarudi kukimbizana na wanawe.

Binti alieleza yote bila kuficha, hata lile jibu lililomponyoka. Mama alisikiliza huku akichambua mchele.

"Kwa hiyo sisi tukiwa watano, tunakuwa wawili," alisema.

"Kwa viti tu, mama."

"Na kura?"

"Hakuna."

"Hapa na pale kwa Mama Pacha tuko watano. Mimi, yeye, mumewe, na wale pacha. Niambie wawili wenyewe ni akina nani, ili watatu tuliobaki tusijisumbue kuamka kesho."

"Nitakataa kusaini," alisema binti.

"Ukikataa?"

"Watamwita naibu wangu."

"Ana kalamu?"

"Anayo."

"Basi unakataa ili wewe ulale vizuri." Mama alipuliza makapi. "Usingizi wako mwanangu mimi haunipi kitu. Hao 'watu wengine', watahesabiwaje?"

"Kabla ya uchaguzi wa kwanza, kila shamba litapeleka orodha yake."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mwenye shamba."

Mama alicheka kwa pua. "Wewe mwaka jana ulitumia njia gani?"

"Niliingia chumba kwa chumba, na daftari lako mkononi. Unajua."

"Waambie nao waingie chumba kwa chumba. Wamtazame mtu usoni ndipo waandike." Akarudi kwenye mchele wake, na binti alipotaka kuuliza zaidi akamwambia aende asije akakosa basi.

Jumatatu Mtakwimu alisema atasaini kwa sharti moja. Iongezwe ibara ndogo: watahesabiwa wale tu watakaoonekana kwa macho na karani wa sensa, katika makazi yao, siku moja itakayotangazwa kwa nchi nzima, na makadirio hayatakubaliwa. Wakili aliunga mkono papo hapo, kwa kuwa sharti hilo lingemzuia Bwana Miwa kutia chumvi. Bwana Miwa naye hakuona ubaya.

"Wako kambini usiku na mchana," alisema. "Wataenda wapi?" Na wote watatu wakacheka, kila mmoja kwa sababu yake.

Alisaini. Hakujiona shujaa. Alijiona kama mtu aliyeuza ng'ombe mzima akabaki na kamba, akijipa moyo kwamba kamba nayo ina kazi yake. Njiani kurudi ofisini alikutana na naibu wake ngazini, amevaa suti mpya, na akajua kuwa alikuwa ameshaambiwa akae tayari.

Katiba ilizinduliwa uwanjani kwa tarumbeta. Wimbo wa shirikisho ulipigwa bila maneno, kwa sababu maneno yalikuwa bado kwenye kamati. Utangulizi ulisomwa mara mbili, na heshima ya binadamu ikashangiliwa sana, hasa na wale waliokaa kivulini. Mzee Maridhiano alitokwa na machozi mbele ya wapiga picha. Akaulizwa ni kipi kilichokuwa kigumu zaidi, akajibu kwamba ni viti vya pale hotelini, havikuwa na mito.

Siku ya kuhesabiwa ilipangwa kuwa Jumatano, miezi minane baadaye. Mtakwimu aliwapanga makarani wake katika majimbo yote, akajipangia mwenyewe shamba la Bwana Miwa. Alifika langoni saa moja asubuhi na makarani kumi na wawili, kila mmoja na ubao wake wa kuandikia.

Kambi ilikuwa tupu. Milango ilikuwa wazi, vitanda vimetandikwa, sufuria zimeoshwa na kuinamishwa. Kuku walikuwa wakitembea katikati ya njia kama wenye mahali. Karani mmoja alibisha hodi kila chumba katika safu ya kwanza, kwa adabu, safu nzima, asijibiwe na mtu.

Nyapara wa shamba alikuja mbio, shati limelowa. Akaeleza kwa kubabaika. Mkataba wa vibarua, ule ule wa zamani, unampa kila kibarua siku moja kwa mwaka ya kwenda kusafisha makaburi ya watu wake, siku atakayoichagua mwenyewe, mradi atoe taarifa. Shamba halikuwahi kulijali sharti hilo, kwa kuwa watu walikwenda wawili leo, watatu kesho. Mwaka huu walitoa taarifa wote, na wote walichagua Jumatano.

"Taarifa alileta nani?" aliuliza Mtakwimu.

"Katibu wa chama chao cha kuzikana. Niliweka kwenye faili. Nilijua ni mambo ya makaburi tu."

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya mto, nje ya mpaka wa shamba. Kutoka langoni uliweza kuwaona kwa mbali, maelfu ya watu mtelemkoni, wengine wakifyeka, wengi wamekaa tu. Mtakwimu aliwatazama kwa muda. Mama hakumwambia neno. Hakuwa amemwamini, au hakutaka awe na la kuficha, na alipofikiri aliona kwamba yote mawili yalikuwa haki yake.

Bwana Miwa alifika na gari, miguuni amevaa ndara.

"Andika idadi ya mwaka jana," alisema.

"Ibara inasema waonekane kwa macho, katika makazi yao."

"Si hao pale? Huna macho?"

"Makaburini si makazi, bwana. Bado."

"Mimi nawaona kila siku. Andika kwa niaba yangu."

"Inasema macho ya karani. Na makadirio hayakubaliwi. Ulisema wataenda wapi."

Alimtazama yule aliyemwita binti yake, na ule upole wa sauti ukakauka. "Tulikusomesha," alisema.

"Ndiyo. Hesabu."

Waliendelea na kazi mpaka jua lilipozama, kama sheria ilivyotaka. Katika shamba zima walimwona mtu mmoja, mgonjwa aliyelazwa zahanati na mguu uliovunjika. Mbili kwa tano yake haikutosha hata msumari wa kiti. Jioni simu zilipoanza kuingia, habari zilikuwa hizo hizo kila mahali. Vyama vya kuzikana vilikuwa katika kila kambi, na makatibu wake walijuana, maana watu wa kambi hufia mbali na kwao na lazima mtu ampelekee mwenzake taarifa. Majimbo ya miwa yakarudi kwenye viti thelathini na vinane. Waheshimiwa sita waliokwisha kushona suti wakabaki nazo.

Kwa juma zima Wakili aliwasifu vibarua redioni. Aliwaita mashujaa, akasema ameamini siku zote kwamba wanastahili kura. Kisha mtu akamkumbusha kwamba wakipewa kura watakuwa watu kamili, na wakiwa kamili majimbo ya miwa yatapata hamsini na viwili. Juma la pili alisema mambo haya yanataka subira.

Mzee Maridhiano akatoka pangoni. Alikwenda kambini mwenyewe, na Bwana Miwa na Wakili, na Mtakwimu wakamchukua kwa ajili ya takwimu. Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya kambi, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine. Wajumbe walibanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni. Mbele yao, kwenye kiti pekee cha mwalimu, alikaa katibu wa chama cha kuzikana.

"Mama," alianza Mzee Maridhiano, "tumekuja kusikiliza."

"Tunataka kura. Wote," alisema mama.

"Wote ni wengi," alisema Wakili.

"Jambo hili linakwenda hatua kwa hatua," alisema Bwana Miwa.

Walivutana siku tatu. Mama hakupandisha sauti hata mara moja. Alikuwa amezoea kukusanya michango ya maiti kwa watu wasio na kitu, na waheshimiwa hawa ukiwalinganisha na wale walikuwa laini. Siku ya pili alisema mwaka ujao pia kuna siku ya makaburi, na inaweza kuangukia wakati wa mavuno. Bwana Miwa alilegea kidogo. Wakili ndiye aliyekaza.

Siku ya tatu mama alifunga daftari lake.

"Semeni ukweli," alisema. "Mnataka viti vingapi?"

Wakatazamana. "Zaidi ya arobaini na sita, watu wangu watanitupa baharini," alisema Wakili.

"Na wewe?"

"Chini ya arobaini na sita siwezi kurudi nyumbani," alisema Bwana Miwa.

Mama akamgeukia binti yake. Tangu waanze hawakuwa wamesemeshana. "Mtakwimu," alisema, kama wanavyomwita wengine. "Tukisema wapate uraia wale waliokaa kambini miaka kadhaa, na kila mmoja ahesabiwe kuwa mtu kamili. Ni miaka mingapi inawafikisha hawa arobaini na sita?"

Mtakwimu alifungua mkoba. Alichukua karatasi. Alikokotoa mara mbili, polepole, akitamani itoke namba nyingine.

"Saba," alisema. "Aliyekaa miaka saba na zaidi. Ni nusu ya watu wote."

"Na wa chini ya hapo?"

"Hawatahesabiwa wala hawatapiga kura. Mpaka watimize."

Mama alitazama nje dirishani, kule nguo zilikoanikwa, kwa muda ambao ulimfanya Mzee Maridhiano ageuze saa yake mkononi. Kisha akasema, "Iandikeni."

"Maridhiano," alisema mzee, na macho yakamlowa.

"Usinitajie neno hilo hapa," alisema mama. "Andika saba, tuondoke. Watoto wanataka darasa lao."

Kadi za uraia zilitolewa mwezi wa nne, kwenye meza iliyowekwa mbele ya mizani ya kiwanda. Binti alikuja siku hiyo, akamkuta mama amekaa nje ya chumba chake, kadi ikiwa mapajani. Picha ilimtoa amefumba jicho moja. Alikuwa akingoja binti amsifu, na binti alimsifu, na kwa muda mfupi walifurahi kweli, kama watu wa kawaida.

Mama Pacha akatoka na beseni akaanza kuanua nguo. Hakuwasalimu. Mama akamwita kwa jina la watoto wake. Mara ya pili ndipo alipogeuka.

"Siku ile ya makaburi nilivuka daraja na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuambiwa niishie katikati."

"Miaka minne si mingi, mwanangu. Nilichukua kilichopatikana."

"Najua. Nilikuwa dirishani. Nilikusikia." Akabeba beseni lake akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza.

Mtakwimu alitazama chini. Alikuwa na maneno ya kumfariji mama yake, lakini kila aliloliokota lilikuwa limekwisha kutumiwa pale hotelini, na alijua ni nani alilitumia.

"Miaka minne," alisema mama, kwa nafsi yake zaidi. "Ikifika, watakuwa wamekwisha kuibadilisha iwe kumi."

"Wanaweza wasifanye hivyo, mama."

"Watafanya. Wakishajua viti vinakwendaje, watafanya. Mimi ningekuwa wao ningefanya." Aliitazama kadi yake tena, akaifuta majivu kwa kanga, akaiweka katikati ya kurasa za daftari. Kisha akainuka kwa kujishikilia ukutani, akaenda kubisha hodi kwa Mama Pacha, akasimama pale akingoja, huku mlango haufunguliwi.